Jicho la Mzee Shelukindo

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, pasi zilipokuwa bado zinatiwa mkaa, katika mji wa Kwamkole palikuwa na mwanamke dobi, jina lake Mwajabu. Nisikilizeni mpaka mwisho, maana nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Mwajabu hakuwa na duka. Alikuwa na pasi ya chuma, nzito, aliyoachiwa na baba yake. Kila asubuhi aliishika mkononi, akavuka daraja kwenda ng'ambo kwenye nyumba za walimu na makarani wa mkonge. Akanyoosha nguo nyumba hii, akanyoosha nyumba ile, alasiri akarudi. Nyumbani alimwacha mama yake, ambaye miguu ilikwisha kumkatalia, na Mwajabu ndiye aliyemlisha.

Daraja lilikuwa moja tu. Na huwezi kulifikia daraja bila kupita stendi ya mabasi, na huwezi kupita stendi bila kupita kijiwe cha wapiga debe, wale vijana wanaoita abiria na kuwapakia. Mkubwa wao alikuwa Nyange, mtu wa miaka thelathini na kitu, sauti yake unaisikia mpaka sokoni. Basi likiwapo, Nyange aliita abiria. Basi lisipokuwapo, aliita wanawake.

Mwajabu akapita. Nyange akaita, "Mwajabu! Njoo uninyooshe na mimi, nimekunjamana!" Wenzake wakacheka. Mwajabu akapita kesho yake. Nyange akaita tena, wengine wakapokea, "Mwajabu! Mwajabu!" Mmoja akamfuata nyuma akiigiza mwendo wake. Siku ya tatu walimzibia njia, ikabidi ajipenyeze katikati yao ameikumbatia pasi kifuani, na katika kujipenyeza mikono ikampita hapa na pale, asijue huu wa nani na ule wa nani.

Siku hiyo hakwenda kazini. Alikwenda polisi.

Kituoni kulikuwa na Sajenti Lugome, mtu mzima, mpole wa sura. Akamkaribisha kiti. Akafungua kitabu.

"Haya mama, wamekufanya nini?"

Mwajabu akaeleza. Sajenti akasikiliza, kisha akauliza, "Siku hiyo ulivaa nini?"

"Hivi nilivyo, afande."

"Umeumia wapi? Nionyeshe jeraha."

"Sina jeraha, afande. Wamenishika."

Sajenti akafunga kitabu. "Bila jeraha nitaandika nini? Kuitwa jina lako ni kosa? Pita njia nyingine."

"Daraja ni moja, afande."

"Basi pita haraka."

Hata hivyo Sajenti Lugome hakukaa bure, tusimsingizie. Jioni ile alitembea hadi kijiweni, akaagiza chai, akanywa na Nyange, akamwambia, "Punguzeni utani. Yule dobi amekuja kulalamika." Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Asubuhi yake Mwajabu akapita. Na sasa hawakumwita Mwajabu peke yake. Walimwita Mama Polisi. Walimpigia saluti. Nyange akamshika upindo wa kanga akasema, "Mama Polisi, nikamate basi!" Mwajabu akavuta, Nyange akavuta, kanga ikachanika toka kiunoni mpaka chini, na stendi nzima ikaona gagulo lake. Stendi nzima ikacheka. Wenye mabasi walicheka, wauza mayai walicheka.

Mwajabu akaenda polisi mara ya pili, ile kanga ameifunga fundo.

"Hii ndiyo kanga, afande."

"Naiona. Shahidi yuko wapi?"

"Afande, walikuwapo watu mia!"

"Niletee mmoja."

Sasa ng'ambo ya kijiwe, hatua kumi na tano hivi, palikuwa na kibanda cha fundi viatu, Mzee Shelukindo. Mzee huyu alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache. Alikaa pale miaka kumi na minne akitazama barabara, na hapana kilichotendeka barabarani asikione. Mwajabu akamwendea, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, wewe uliona. Twende ukaseme neno moja tu, kwamba uliona."

Mzee Shelukindo akaendelea kushona. Akashona mshono mzima kabla ya kujibu.

"Mwanangu, mimi hapa sina hati wala karatasi. Nimekaa kwa hisani ya hawa vijana. Wao ndio wanaowaelekeza wasafiri kwangu. Nikisema leo, kesho kibanda changu kiko mtoni, na mke wangu anakula nini?"

"Kwa hiyo hukuona?"

Mzee hakumtazama. "Sikuona vizuri," akasema.

Mwajabu akaondoka. Akawaendea wauza mayai, nao hawakuona vizuri. Akamwendea mkata tiketi kwenye dirisha lake, naye akasema dirisha lilikuwa limefungwa. Akarudi polisi mara ya tatu, mikono mitupu, akasimama mbele ya Sajenti Lugome akalia. Hakuwa amelia hata siku ya kanga.

Sajenti alichoka. Alikuwa na wizi wa ng'ombe mezani, alikuwa na ajali ya lori, na mwanamke huyu haondoki. Akamwambia, "Sikiliza mama. Mungu amekupa mikono miwili. Mtu akikugusa tena, jitetee. Mpige mmoja akome, utaona wengine watakavyokuogopa. Mimi siwezi kukusindikiza kila asubuhi."

"Nimpige, afande?"

"Jitetee, nimesema." Na kitabuni akaandika: mgogoro binafsi, umemalizwa.

Zikapita wiki mbili. Mwajabu alipita, akaitwa, akanyamaza. Mama yake alimwuliza kwa nini siku hizi anazungumza usingizini.

Ijumaa moja, siku ya gulio, stendi ilijaa watu. Mwajabu akapita, pasi mkononi. Nyange akanyoosha mkono akamkwapua mtandio kichwani. Akaurusha kwa mwenzake, mwenzake akaurusha kwa mwingine, ukaruka toka mkono hadi mkono kama mpira, hatimaye ukaangukia mtaroni. Mwajabu hakuufuata. Alikaza mwendo kuelekea darajani, kichwa wazi, nywele zake za mvi za mapema zikionekana na kila mtu.

Mzee Shelukindo akaona. Mkewe, Bi Mashavu, alikuja kusimulia baadaye kwamba tangu siku ile aliyomkatalia Mwajabu, mzee alikuwa akiswali akisahau rakaa. Basi Ijumaa ile aliweka sindano yake chini. Akavuka barabara. Akaingia mtaroni na viatu vyake, akauokota mtandio, akaukung'uta matope. Wapiga debe wakamzomea. Nyange akasema, "Mzee, na wewe unamtaka?" Mzee akamkimbilia Mwajabu, mtu wa miaka sitini na mitano, anahema.

"Mwajabu!" akaita. "Mwajabu, mwanangu!"

Lakini asubuhi ile kila mwanamume pale stendi alikuwa anaita Mwajabu. Angeitambuaje sauti ya mzee? Mzee akamfikia penye kingo za daraja, akamwekea mkono begani.

Mwajabu akageuka na pasi.

Chuma kilimpata mzee kwenye jicho la kulia. Alianguka kwa magoti kwanza, halafu ubavu. Mwajabu aliinua mkono apige mara ya pili, na hapo ndipo alipoona kilichokuwa mkononi mwa mzee, na mzee anasukuma mtandio ule kwake, hata akiwa chini bado anampa. Pasi ikamtoka. Akaketi kwenye lami, akakiweka kichwa cha mzee pajani, akawa anasema, "Kwa nini hukusema ni wewe? Kwa nini hukusema ni wewe?" Naye mzee akajibu, "Nilisema."

Polisi, ambao gari lao siku zote halikuwa na mafuta, walifika kabla damu haijakauka. Sajenti Lugome alifungua kitabu palepale juu ya boneti. Jeraha lilikuwapo. Na mashahidi? Jamani, mashahidi! Wauza mayai waliona vizuri. Makondakta waliona vizuri. Nyange mwenyewe aliona. Watu kumi na saba walitaja majina yao na kutia vidole gumba. Wa kumi na saba alikuwa mkata tiketi, yule ambaye dirisha lake lilifungwa siku ya kanga, na sasa lilikuwa wazi. Mkata tiketi huyo ni mimi, ninayewasimulia.

Mwajabu alilala rumande miezi mitatu. Hospitalini, jicho la mzee halikupona.

Siku ya kesi, chumba kilijaa hadi madirishani. Hakimu alikuwa kijana, mgeni wa mji, na alitaka kuelewa. Akawaita mmoja mmoja.

Nyange akasimama. "Mheshimiwa, mimi sikumpiga mtu. Nilimtania. Mtandio ni kitambaa, haukumtoa damu. Kama kutania ni kosa, kwa nini hakuna aliyenikamata? Sajenti alikunywa chai kwangu, akaniambia nipunguze. Hakusema niache."

Watu wakaguna. Sajenti Lugome akaitwa, akasimama wima.

"Mheshimiwa, mimi nina askari wanne kwa mji mzima. Alikuja bila jeraha, akaja bila shahidi. Sheria inataka ushahidi. Ndiyo, nilimwambia ajitetee. Sikumwambia apige bila kutazama."

Hapo Bi Mashavu, mke wa mzee, akasimama bila kuitwa. "Mume wangu kosa lake nini? Kuokota kitambaa? Wanaume wote wa mji huu walikaa, yeye akainuka, na yeye ndiye aliyepigwa! Huyu mwanamke alishindwa kumpiga Nyange siku zote hizo. Mkono wake ulipata nguvu kwa mzee?"

Mwajabu, kizimbani, aliinamisha kichwa kwa maneno hayo zaidi kuliko kwa maneno yote mengine.

Mzee Shelukindo akaongozwa mbele, bendeji ingali usoni. "Mheshimiwa, mimi sina kesi na binti huyu. Sindano siioni tena tundu lake, kibanda nimefunga, hayo ni kweli. Lakini alipokuja kuniomba neno moja, nilikuwa na macho yote mawili, nikamwambia sikuona vizuri. Ningesema siku ile, Nyange angekuwa ndani, na mimi ningekuwa nashona viatu. Mwachieni aende kwa mama yake."

Hakimu akamgeukia Mwajabu. "Una la kusema?"

"Mkono uliopiga ni huu," akasema Mwajabu. "Siukatai. Mzee huyu alinifanyia wema, nikampofusha, na kila siku namwona mbele yangu. Ila naomba kuuliza, Mheshimiwa. Mikono iliyonishika nyuma ilikuwa mingi, na hakuna hata mmoja uliokuwa na jina. Huu mmoja wa wema ningeujuaje? Una alama gani?"

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema mbele yake yuko mshtakiwa mmoja, jeraha moja na mashahidi kumi na saba, na wengine wote hawakuletwa kwake. Akampa miaka miwili jela.

Sasa mjue yaliyofuata. Pasi ilibaki mahakamani kama kielelezo cha ushahidi. Mama yake Mwajabu alihamishiwa kwa jirani, na kabla mwaka haujaisha alifariki. Mwajabu hakuruhusiwa kwenda kuzika. Mzee Shelukindo alikuwa akimpelekea chakula gerezani kila mwezi, akishikwa mkono na mkewe. Bi Mashavu alipika chakula hicho, lakini yeye mwenyewe alibaki nje ya lango. Mwajabu alikipokea akiwa ametazama pembeni, maana uso ule hakuweza kuutazama. Sajenti Lugome alipandishwa cheo kwa kumaliza kesi haraka, akahamishiwa mji mkubwa. Nyange yupo. Ameoa, ana watoto wa kike wawili, nao hawapiti stendi, amewakataza.

Mimi niliendelea kukata tiketi pale miaka minane mingine. Nikawaona wanawake wengine wakipita, wakiitwa, wakikaza mwendo. Na ninyi mlioketi hapa hamfungwi na kitabu cha sheria kama yule hakimu, wala hamhitaji jeraha na kidole gumba. Basi amueni.

Yuko Nyange, ambaye hakumtoa mtu damu. Yuko Sajenti, aliyesema jitetee. Yuko mzee, aliyenyamaza siku iliyohitajika na kuinuka siku iliyompofusha. Yuko Mwajabu, aliyepiga. Na msiniache mimi nje, wala wenzangu kumi na sita.

Miaka ile miwili lazima mtu aikae. Je, nani alistahili kuikaa?