Sahani Tupu ya Mama Kyungu

"Hata sahani tupu hupiga hodi." Nimemwambia Salha hivyo akifunga sanduku lake, nanyi wenzake mkacheka. Haya, chekeni, lakini masikio yawe kwangu. Methali hii ya nyumbani kwetu Tanga ilianza hivi.

Mdogo wangu Somoe, mama yenu mdogo, alikuwa akifundisha Kiswahili kwa kompyuta. Wanafunzi wako Ulaya, yeye popote penye mtandao. Akaamua kuishi Lubumbashi mwaka mmoja. Na kwa kujipanga, mtoto yule! Laini mbili za simu, plagi za kila aina, betri ya akiba, hata saa za ukutani mbili, moja ya Lubumbashi na moja ya wanafunzi wake.

Siku ya pili tu jirani yake, Mama Kyungu, akamletea sahani ya ugali na samaki. Somoe akala, akalamba vidole. Sasa, sisi tumelelewa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Akasema, "Jumamosi nitapika visheti nimrudishie." Jumamosi kazi. Jumamosi nyingine kazi. Wiki tatu zikapita sahani iko kabatini, aibu ikazidi, mpaka akawa anachungulia dirishani kwanza. Mama Kyungu akiwa uani, yeye hatoki. Jamani, mtu mzima kuikimbia sahani!

Ikafika siku ya mkuu wa shule yake ya huko Ulaya kusikiliza somo lake mtandaoni, saa tatu asubuhi. Akiridhika, mkataba wa miaka miwili. Asiporidhika, basi, kazi hana. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Saa mbili na nusu betri ya akiba ikaisha, na kompyuta yenyewe ikawa inakaribia kuzima. Upande wa pili wa ukuta jenereta ya Mama Kyungu inanguruma.

Somoe akaichukua sahani, akatoka nayo, machozi yanamlengalenga.

"Mama, nisamehe. Nimekuja nayo tupu. Nilitaka niijaze kwanza, nikawa naona haya. Na sasa nina shida ya umeme."

Mama Kyungu akaitazama sahani, akamtazama yeye.

"Wiki tatu nasema mgeni wangu hakupenda samaki wangu. Kumbe! Mwanangu, mimi sahani ninazo nyingi. Ile nilikuletea ili uje kuirudisha, tujuane. Ingia. Waya wako uko wapi?"

Akafundishia jikoni kwake, maharage yanachemka pembeni. Mkuu wa shule akauliza ni nani anayecheka huko nyuma. Mama Kyungu akajitokeza, akamwaga salamu ndefu, ikabidi wanafunzi wajifunze kuziitikia zote. Mkataba Somoe akaupata.

Alipoondoka Lubumbashi, Mama Kyungu alimpa sahani ile aje nayo. Ndiyo hiyo, Salha, niliyoifunga kwa khanga chini ya nguo zako. Hamna kitu ndani, wala usisubiri kupika. Ukifika huko uendako, mlango wa kwanza utakaouona, nenda nayo. Hata sahani tupu hupiga hodi.