Kibuyu cha Bi Madoa

Paukwa!
Pakawa!
Juu kuna nini?
Kuna wingu!
Na chini kuna nini?
Kuna sisi!
Basi ninyi wa chini, sogeeni motoni, msije mkalowa.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wakizungumza na mawingu kama mtu anavyozungumza na jirani ng'ambo ya ua. Wingu la nchi ile lilikuwa bibi mmoja mnene, mwenye huruma, ila masikio yake yalikuwa mazito. Kila akimaliza kunyesha, alichungulia chini na kuuliza, "Wajukuu zangu, imetosha?"

Sisimizi alijibu, "Imezidi, Bibi! Nyumba yangu imejaa maji mpaka darini!"

Tembo alijibu, "Haijatosha! Hata vifundo haijanifika!"

Kiboko alitoa pua mtoni, akauliza, "Kwani kumenyesha?"

Bibi Wingu alimsikia Tembo tu, kwa kuwa ndiye mwenye sauti. Basi akamwaga tena, pwaa!

Sasa, kulikuwa na kanga mmoja, jina lake Bi Madoa. Kanga hutaga chini, kwenye nyasi. Bi Madoa akataga, mvua ya Tembo ikaja, mayai yakaelea, yakaenda na maji. Akataga tena, yakaenda. Akataga mara ya tatu, akayaatamia mpaka yakakaribia kuanguliwa, akayatazama, moyo ukamuuma.

"Haya nayo yakienda," akasema, "mimi sitagi tena."

Akayafunika kwa nyasi, akapanda, akapanda, akapanda, mpaka kwenye kilele cha mlima ambapo Bibi Wingu huegemea akipumzika.

"Bibi! Unatuua!"

"Mnaugua?"

"Unatuua! Kwa mvua!"

Bibi Wingu nusura aangue kilio. "Mimi nifanyeje, mjukuu wangu? Nikiuliza, huyu anasema imezidi, huyu anasema haijatosha, na yule ananiuliza kama nimenyesha!"

"Ni kwa sababu kila mmoja anapima kwa miguu yake," akasema Bi Madoa. "Ya Sisimizi ni nyuzi, ya Tembo ni nguzo. Usiulize miguu, Bibi. Uliza kibuyu."

Akashuka, akatafuta kibuyu, akakikata kichwa, akakiweka uwanjani. Hakukiweka chini ya mti, majani yasije yakadaka mvua. Hakukiweka kando ya mto, maji ya mto yasije yakaingia. Kisha akachukua ubua wa mtama, akautia alama kwa mdomo wake. Ubua ukitumbukizwa kibuyuni na kulowa mpaka alama ya kwanza, nyasi zimekunywa. Ukilowa mpaka ya pili, wote wameshiba. Ukilowa mpaka ya tatu, mayai yanaelea.

Bibi Wingu akanyesha kidogo, akanyamaza. Asubuhi wanyama wakakusanyika uwanjani. Kibuyu hakipo!

Tembo akaja wa mwisho, mkonga ameuficha kichakani.

"Imetosha?" Bibi Wingu akauliza.

"Haijatosha!" akasema Tembo. "Bvua gadi hii?"

Wanyama wakatazamana.

"Mzee Tembo," akasema Bi Madoa, "mbona unasema puani?"

"Di bafua tu."

"Hebu tuonyeshe mkonga."

"Bkonga gadi?"

Hapo chafya ikampanda. Akaizuia, ikampanda. Akaizuia tena, wapi! Chaaa! Kibuyu kikamchomoka mkongani, kikapaa, kikaanguka miguuni pa Bi Madoa, kikavu kabisa. Kumbe Tembo alikuwa ameyanywa yale maji ili Bibi Wingu aone hakunyesha kitu, na mkonga ukanasa humo humo!

Wanyama wakacheka mpaka wakagaragara. Bibi Wingu akacheka, ngurumo zikatingisha milima. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na machozi ya wingu ni nini, jamani?

Ni mvua!

Bi Madoa hakucheka. Akakisimamisha kibuyu uwanjani, akashika ubua. Akapima: alama ya kwanza. Akapima: alama ya pili.

"Basi, Bibi! Imetosha!"

Bibi Wingu anacheka tu, hasikii. Maji yanaikaribia alama ya tatu, na mayai yako kule nyasini. Bi Madoa akamgeukia Tembo.

"Mzee wangu, sauti unayo wewe. Nisaidie."

Tembo akatazama ubua. Akatazama miguu yake. Vifundo vilikuwa bado vikavu. Akautazama tena ubua. Kisha akainua mkonga juu, akapiga ukelele ambao hajapata kuupiga tangu azaliwe: "IMETOSHAAA!"

Mvua ikakatika pale pale.

Bi Madoa akakimbia kwenye nyasi. Akakuta mayai yamelowa, lakini yapo. Akayakalia, akayapa joto. Chini ya tumbo lake akasikia ko, ko, ko. Kifaranga kilikuwa kinagonga mlango, kinataka kutoka.

Ndiyo maana hata leo mvua haipimwi kwa miguu ya mtu. Hupimwa kwa chombo kimoja, mahali pa wazi, wote wakione. Na mwenye sauti kubwa, kwanza achungulie kipimo, ndipo apige kelele.

Hadithi yangu imekauka hapo. Kama kuna aliyelowa, ni mate yangu hayo, anisamehe. Meno ya mbele nimebakiwa na moja.