Bi Kalunguyeye na Mavi ya Mzee Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa wapi?

— Nyuma ya banda!

Pananukia?

— Pananuka!

Basi zibeni pua, fungueni masikio, maana mambo yenyewe ni ya nguruwe, na nguruwe hajui siri.

Hapo kale, bondeni kwa mto Kihuruhuru, aliishi Bi Kalunguyeye. Mdogo kama chungu cha mboga, miiba mgongo mzima, pua imechongoka kama sindano ya magunia. Alikuwa mjane. Mumewe alikanyagwa na Nyati, na Nyati mwenyewe hata hakujua kama amekanyaga mtu. Marehemu alimwachia kiwanja kando ya barabara na nguruwe watatu: Shibe, Kiuno na Mamkwe. Huyo Mamkwe alikuwa na mimba kubwa, akitembea kama gunia lenye miguu.

Msiniulize kwa nini nguruwe wa hadithi hii hawasemi. Walikuwa wanakula.

Asubuhi Bi Kalunguyeye alipita kwa majirani akiomba maganda ya ndizi na machicha ya pombe. Mchana alifagia banda, fyagi fyagi fyagi. Jioni alikusanya mavi, akayatia shimoni, akayafunika kwa majani makavu mpaka yaive, kisha akayatia kwenye matembele yake. Siku ya gulio, aliyenona kati ya watoto wa nguruwe wale alimswaga hadi kwa Mama Chui, mwenye bucha na jiko la kitimoto. Mama Chui alimgusa nguruwe mgongoni, akalamba kidole, akasema, "Shoga, huyu ni wangu." Maisha yakaenda.

Lakini juu yake, kule mlimani, alikaa Mzee Kiboko. Yeye hakuwa na nguruwe watatu. Alikuwa na mia tatu.

Sasa sikilizeni. Nguruwe watatu hula makombo. Nguruwe mia tatu humla mwenye nguruwe. Asubuhi walilia ngroo ngroo, wakamaliza magunia ya pumba. Jioni walilia ngroo ngroo, wakamaliza magunia mengine. Na kila kilichoingia mbele, kilitoka nyuma. Mzee Kiboko akashika kichwa.

"Gharama! Gharama! Gharama! Nipunguze wapi?"

Angeweza kupunguza tumbo lake. Akapunguza shimo la mavi. Kuchimba shimo ni kazi, na kazi ni gharama. Badala yake akafyeka kijifereji nyuma ya mabanda, kikaelekea chini. Na chini, kama mnavyojua, kila siku kuna mtu.

Choroo, choroo, choroo, pwacha!

Bi Kalunguyeye aliamka asubuhi akakuta sufuria inaelea. Akapanda mlima, mguu ukichukua hatua ishirini pale ambapo Kiboko angechukua moja.

"Hodi, Mzee Kiboko! Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani huyo? Nasikia sauti, sioni mtu."

"Ni mimi, jirani yako wa bondeni. Baba, mavi yako yameingia sebuleni kwangu."

"Yamekuja na barua?"

"Hayana barua."

"Basi si yangu. Mavi yangu hayasafiri bila barua." Akacheka, hoo hoo hoo, miti ikatikisika. "Lakini kama yanakukera, mama, hama. Niachie hicho kiwanja cha barabarani, nijenge mabanda mengine. Nakupa mpaka mwezi uandame mara mbili. Ukikaidi, nitashuka mwenyewe, na mimi nikishuka sitazami ninapokanyaga."

Bi Kalunguyeye akamkumbuka marehemu. Akarudi kwake.

Siku ya gulio akamswaga nguruwe wake hadi kwa Mama Chui. Mama Chui akanyoosha kidole, akakirudisha.

"Shoga, nguruwe huyu ananuka!"

"Si yeye, shoga. Ni mambo ya kutoka juu."

Kabla hajamaliza, Mzee Kiboko akapaaza sauti kutoka upande wa pili wa gulio. "Njooni huku! Nguruwe wa Kiboko, bei ya kutupa! Msinunue wa yule mjane, wanalala kwenye mavi!"

"Mavi ya nani?" akauliza Bi Kalunguyeye.

"Mavi hayana jina, mama! Jamani, njooni! Mimi nauza rahisi kwa sababu sina gharama ya shimo!"

"Huna, kwa sababu shimo liko sebuleni kwangu!"

Gulio zima likacheka. Likamshangilia mjane, likampigia makofi. Kisha likaenda kununua kwa Kiboko. Kicheko ni kicheko, bei ni bei.

Bi Kalunguyeye akarudi na nguruwe wake yule yule. Nyumbani akamkuta Mamkwe amesimama kwenye mavi hadi tumboni, hana pa kulala, na siku zake za kuzaa zimekaribia. Kitoto kitakachoanguka pale kitazama kabla ya kulia. Bi Kalunguyeye akapangusa uso wa nguruwe wake kwa jani la mgomba, akalia.

Kisha akajikunja akawa mpira. Watu wa jamii yake hufikiri hivyo.

Siku ya kwanza akafikiri amng'ate Kiboko. Meno yake mafupi, ngozi ya Kiboko nene. Akaacha.

Siku ya pili akafikiri ahame. Mamkwe hawezi kupanda kilima, na yeye hana kiwanja kingine. Akaacha.

Siku ya tatu tone la mavi likamdondokea puani, pwa! Akanusa. Akayakumbuka matembele yake. Ndani ya ule mpira kikasikika kicheko chembamba, hi hi hi.

Kesho yake alikwenda kwenye mfereji na matenga na majani ya mgomba. Akawa anazoa mavi kwa mikono miwili, taratibu, kama anayepakua pilau ya harusi. Akayafunika, akayatengeneza, akayapapasa. Huku anacheza na kuimba:

*Shuka, mali, shuka,*
*shuka kwa mjane, shuka!*
*Aliye juu hajui,*
*aliye chini anacheka!*

Mzee Kiboko akasimamisha masikio. Kiboko ana masikio madogo, lakini neno "mali" hulisikia hata likiwa ng'ambo.

"We mama! Unaimba nini huko?"

"Siimbi kitu, baba! Nakushukuru tu! Mungu akuzidishie. Nguruwe wako waharishe mchana na usiku!"

"Mbona unafurahi? Hayo si mavi?"

"Ni mavi, baba, ni mavi matupu. Usishuke kuangalia, utachafuka. Na huo mfereji, nakuomba kwa heshima ya marehemu, usiuzibe! Nipige, nitukane, lakini mfereji usiuzibe!"

Kiboko akakuna kidevu. Krr, krr. "Mbona unaniomba nisizibe, na juzi ulikuja kuyalalamikia?"

"Juzi nilikuwa mjinga, baba."

Basi! Haukupita muda wa kuchemsha yai, Mzee Kiboko alichota udongo, akachota mawe, akakalia mfereji kwa makalio yake mwenyewe, puuu! Mfereji ukaziba.

"Mavi ya nguruwe wangu ni mavi yangu! Hata tone moja hupati!"

Bi Kalunguyeye akajipiga kifua, akagaagaa chini. "Umeniua, baba! Umenimaliza!" Alipofika ndani akafunga mlango, akacheka mpaka miiba ikadondoka.

Baada ya siku nne ua wake ulikauka. Akafagia, fyagi fyagi fyagi, akatandika nyasi. Mamkwe akalala chini kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi, akazaa watoto kumi na mmoja, wote hai, wote wakipigania ziwa. Bi Kalunguyeye akawahesabu mara mbili, si kwa mashaka, ni kwa raha.

Mzee Kiboko naye akasogea ukingoni mwa mlima, akaita kwa sauti ya upole. "Mama Kalunguyeye, hivi haya mavi yana faida gani hasa?"

"Mzee wangu, nikufiche nini? Mavi ni fedha."

"Fedha kiasi gani?"

"Kadiri yanavyozidi. Lakini hayauzwi mabichi, kama ndizi. Yaache yaive."

Kiboko akafurahi. Akajenga ukuta wa udongo kuzunguka mabanda yote ili mali isivuje. Nguruwe mia tatu wakaendelea na kazi yao, na hawakuwa na siku ya mapumziko. Halafu masika yakaanguka.

Mavi yakafika kwatoni. Kiboko akasema, "Utajiri unapanda."

Mavi yakafika magotini. Kiboko akasema, "Utajiri unapanda."

Mavi yakafika tumboni, nguruwe wakainua pua juu kama mirija. Kiboko akasema, "Utajiri unapanda."

Mavi yakaingia sebuleni, yakapita jikoni, yakapanda kitandani. Kiboko akafumbua kinywa aseme, "Utaji—" pwaa! Yakaingia.

Siku hiyo hiyo akafika Mama Chui. Binti yake anaolewa, anataka nguruwe arobaini kwa mpigo. Akachungulia juu ya ukuta, akaona mapua yanaelea.

"Mzee, nimekuja kununua nguruwe. Sikuja kununua mchuzi."

"Nakupunguzia bei!"

"Punguza harufu kwanza." Akageuka, mkia juu, akaondoka.

Kiboko akatazama pumba, imekwisha. Akatazama nguruwe, hawauziki. Akatazama mali yake, inamfika shingoni. Akapiga kelele mpaka bondeni. "Mama Kalunguyeye! Njoo uyachukue! Nafungua mfereji!"

Hapo moyo wa Bi Kalunguyeye ukaruka, du! Yote yale yakishuka kwa pamoja, yatamzika yeye, na Mamkwe, na watoto kumi na mmoja. Lakini usoni hakuonyesha.

"Fungua, baba, fungua haraka!" akaitikia kwa furaha. "Ukifungua ni yangu yote, na yameshaiva. Kesho nitakuwa tajiri, nitakuja kukusalimia nimevaa kofia!"

Kiboko akasita, mkono juu ya jiwe. Kumpa mtu utajiri kunauma, hata kama utajiri wenyewe unakuingia masikioni.

"Sifungui," akasema. "Basi tufanyeje?"

"Nitayatoa kwa matenga, kidogo kidogo, kwa njia ya nyuma. Ila kuyashusha kulikuwa bure, baba. Kuyatoa kuna gharama."

"Sina kitu!"

"Una nguruwe. Matenga ishirini, nguruwe mmoja."

"Hao hawanunuliki, si umesikia? Chukua, chukua!"

Bi Kalunguyeye hakunyanyua hata tenga moja. Alikwenda kwa Ngedere, wenye mashamba ya migomba kule ng'ambo, ardhi imechoka, ndizi zao nyembamba kama vidole vya mgonjwa.

"Wajukuu zangu, nina mbolea iliyoiva. Mje na matenga yenu, mjizolee. Malipo ni maganda ya ndizi na mashina, msimu mzima."

Ngedere wakaja hamsini. Zoa, beba, peleka! Zoa, beba, peleka! Siku kumi. Na kila nguruwe aliyetolewa kama malipo, Bi Kalunguyeye alimteremsha mtoni, akamsugua kwa sabuni, akamnyoosha masikio, akampeleka kwa Mama Chui kabla jua halijazama. Hata mmoja hakulala kwake. Nguruwe asiyelala kwako hali kwako.

Mama Chui akamgusa wa kwanza mgongoni, akalamba kidole. "Shoga, hawa ni wangu. Umewatoa wapi?"

"Juu," akasema Bi Kalunguyeye. Wala hakusema uongo. Tangu mwanzo wa mambo haya, kuhusu mavi yenyewe hakusema uongo hata mmoja, na ndiyo maana Kiboko hakumshtukia.

Mwezi ukaandama mara mbili, tarehe ya kuhama ikapita. Kiboko hakushuka. Alikuwa anakwangua kitanda.

Ukapita msimu. Gulioni zikaja ndizi za Ngedere, nene kama mapaja, tamu mpaka nyuki walizifuata njia nzima. Ndege mmoja mmbea akaruka hadi mlimani. "Mzee, umeziona ndizi? Zimeota kwenye mavi yako. Mjane amelipwa!"

Mzee Kiboko hakunawa. Alishuka mbio, gudu gudu gudu, akaingia gulioni akiwa na matope hadi nyusi, akanguruma:

"Mwizi! Mavi yangu! Nirudishieni mavi yangu!"

Ngedere wakaacha kuuza. Mama Chui akaacha kugeuza mishikaki. Wateja, mashavu yamejaa ndizi, wakaacha kutafuna.

"Ndizi hizo ni mavi yangu! Nayataka yote, leo hii!"

Bi Kalunguyeye akapanda juu ya tenga lililofunikwa ili aonekane.

"Jamani," akasema kwa adabu, "mzee ana haki. Mali ni yake. Baba Kiboko, nakuomba uvumilie kidogo. Ndizi zimeshaliwa na gulio zima. Kaa nyumbani kwako, usitoke. Kesho asubuhi kila mmoja atakuja kukurudishia."

Na asubuhi, jamani, walikwenda. Kwa foleni.

Hadithi yangu imefika kwenye uzio. Aliyeipenda aibebe kwa tenga, asiyeipenda aimwage.

Na funzo je? Funzo liko wazi, watoto wangu. Kiboko alipokuwa akimmwagia jirani mavi yake aliishi raha mustarehe, aliuza rahisi, na watu walimpenda. Shida zake zilianza siku alipoacha. Kwa hiyo mkikua, mkawa na nguruwe, msihangaike na mashimo. Tafuteni jirani.

Ila kwanza chungulieni kama ana miiba.