Injini ya Lori Ndani ya Stela

Nguvu bila mpokezi ni kelele. Mmenisikia nikimwambia mjomba wenu maneno hayo asubuhi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi, wajukuu zangu. Nilikuwepo yalipozaliwa, tena nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Kisa chenyewe ni hiki.

Kijiji chetu cha Lundumbi, hapa Nyasa, kilikuwa na boti ya mbao iliyoitwa Stela. Iliachwa na wamisionari, mbao zake za mvule, mbavu zake nzima kama siku ilipoundwa. Ndani ilikuwa na injini kubwa ya kizamani, nzito, yenye mwendo wa taratibu: tuku, tuku, tuku. Barabara haikuwepo. Ukitaka hospitali, soko au mtihani, unapanda Stela. Fundi wake alikuwa Otmar Kapinga, mtu wa maneno machache aliyeitunza injini ile miaka ishirini na zaidi, mpaka ilipopasuka na kukataa katakata kutengenezeka.

Mwenyekiti wa kamati ya boti, Meinrad Haule, akasafiri kwenda mjini. Alirudi na injini ya lori lililopinduka, inang'aa kwa rangi mpya aliyoipaka mwenyewe. Watu wakapiga vigelegele. Otmar aliizunguka mara mbili, akauliza swali moja.

"Mwenyekiti, giaboksi yake iko wapi?"

"Ya nini? Giaboksi ya zamani si nzima?"

Otmar akamweleza. Giaboksi ni lile sanduku la meno ya chuma linalopokea mzunguko wa injini na kuufikisha kwenye propela kule chini ya maji. Ile ya Stela ilitengenezwa kwa injini ya polepole. Hii ya lori inazunguka mara nne zaidi, na tena inazungukia upande mwingine.

"Otmar," Haule akasema, "mimi nimelala stendi siku tatu kwa ajili ya injini hii. Wewe kazi yako ni kufunga, siyo kukatisha watu tamaa."

Wakafunga. Matundu ya nati hayakulingana, wakatoboa mengine. Wiki nzima walipigana nayo, na kila nilipopita nilimsikia Haule akisema, "Kesho inawaka," na Otmar akijibu, "Kuwaka itawaka."

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la saba. Wanafunzi wangu kumi na wanne walitakiwa kufanya mtihani wa mwisho Jumatatu, katika shule iliyo upande wa pili wa ghuba. Nilimwomba Haule tuondoke Alhamisi kwa mitumbwi. Akaniapia kwamba Jumamosi Stela itatufikisha kwa saa mbili. Nikamwamini. Hilo nalo sijajisamehe.

Jumamosi tulipanda. Injini ikawashwa, ikanguruma hata ndege wakakimbia ufukwe mzima. Haule, kifua mbele, akasukuma gia ya kwenda mbele. Stela ikarudi nyuma! Ikapanda mchangani, kina mama waliokuwa wakifua wakaruka na ndoo zao.

"Weka ya nyuma ili iende mbele!" Haule akapiga kelele.

"Gia ya nyuma haikuumbwa kubeba safari," Otmar akasema.

"Weka!"

Tukaweka. Sasa tulikwenda mbele, kama huko ni kwenda. Propela ilizunguka kwa kasi mno ikawa inapiga povu tu, maji yamechafuka nyuma yetu kama sufuria ya ugali, na boti inatambaa. Mzee Ditram, mvuvi wa kijijini kwetu, alitupita na mtumbwi wake, kasia moja, akatusalimu kwa adabu. Kisha akauliza, "Mwalimu, mnakwenda au mnachemsha?" Wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu saa.

Tulipofika mahali ambapo nyumba za Lundumbi bado zinaonekana moja moja, tukasikia mlio mkali wa chuma, halafu harufu ya oili iliyoungua. Giaboksi imevunjika meno. Propela ikasimama. Lakini injini, kwa kuwa haina tena cha kusukuma, ikapiga ukelele mara mbili ya mwanzo. Wanafunzi waliziba masikio. Fausta, mwanafunzi wangu bora wa hesabu, alianza kulia.

Nikamwendea Haule. "Mwenyekiti, watoto wamesoma miaka saba! Miaka saba!"

Naye, jasho linamtiririka, akaonyesha injini kwa kidole. "Lakini nguvu ipo, Mwalimu! Si unaisikia? Nguvu ipo!"

Ndipo Otmar alipoinuka, mikono imejaa grisi. Hakupaza sauti, ila tulimsikia sote.

"Nguvu bila mpokezi ni kelele, Mwenyekiti. Zima."

Haule akazima. Ziwa likanyamaza. Mzee Ditram aligeuza mtumbwi, akaita wenzake, wakatuchukua kwa mafungu hadi ufuko wa karibu. Upepo ulikuwa umechafua ghuba na mitumbwi isingevuka, kwa hiyo kutoka hapo tulitembea milimani siku mbili, mvua juu yetu. Fausta alipoteza viatu kwenye tope. Jumapili jioni tulifika, na Jumatatu wote kumi na wanne waliingia kwenye mtihani, yeye akiwa peku. Saba walifaulu. Najua wangekuwa zaidi kama wangelala vizuri.

Miezi mitano Stela ilikaa mchangani. Safari hii Haule alikwenda mjini pamoja na Otmar, tena akimbebea mkoba wa vifaa. Walitafuta mpaka wakapata, kwenye chombo kibovu cha majini, giaboksi inayogeuza mzunguko na kuupunguza: injini ikizunguka mara tatu, propela mara moja.

Siku ya kuijaribu nilikataa kupanda. Nilisimama ufukweni, mikono kiunoni, nikingoja kuudhika. Otmar akasukuma gia ya mbele, na Stela ikaenda mbele. Haikunguruma. Ilikata maji, ikafika kwenye mwamba wa mbali, ikageuka na kurudi kabla sijapata la kulalamikia.

Mzee Ditram akamuuliza Haule, "Hii injini umenunua nyingine?"

"Ni ileile."

"Mbona ile ilipiga makelele hata ndege wakakimbia na hii imetulia?"

Haule alimtazama Otmar, kisha akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

"Ile haikuwa na wa kuipokea," akasema. "Nguvu bila mpokezi ni kelele."