Mfalme Aliyelainisha Mlima

Isome hii taratibu, kisha mfikishie yeyote mwenye mazoea ya kutia mkono kwenye kazi ya mwenziwe.

Bi Namkunda, mchoraji, aliombwa kuchora mlima wa kwao kwa ajili ya ukumbi wa Mfalme Mruma. Masika nzima alishinda huko kwenye baridi. Penye matuta ya mashamba alipaka rangi nzito kwa kisu, ikatuna kama udongo uliolimwa. Penye ukungu alipitisha brashi karibu kavu. Picha ilipotundikwa ukumbini, ukiitazama toka mlangoni, mlima ulikuwa hai. Ukisogeza pua, uliona mabonge tu.

Mfalme akasogeza pua.

"Mbona ina chunusi?" akafoka. "Picha yangu iwe laini kama sahani!"

"Mtukufu, rudi nyuma kidogo uitazame. Na tafadhali usiiguse, rangi bado mbichi."

"Mimi nirudi nyuma?"

Kwao mfalme harudi nyuma, hata akikanyaga mwiba. Basi akanyakua brashi pana na kuanza kusugua, kiganja nacho kikisaidia. Kijani, nyekundu na buluu zikavurugana. Mlima ukawa tope.

Damu ilimchemka Namkunda. Mtu hajui hata brashi inashikwa wapi, anafuta jasho la masika nzima!

Mara wageni wakaingia, wakiongozwa na mfalme wa nchi jirani. Akaikazia macho picha, akaguna.

"Nani amechora tope hili?"

"Huyu mwanamke," akajibu Mfalme Mruma, bila haya wala soni. "Nilimwamini, kaniaibisha."

Uongo mchana kweupe! Namkunda alifungua kinywa, lakini mgeni alikuwa ameshaushika mkono wa mwenyeji wake kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka. Alipouachia, viganja vyake vilikuwa vya kahawia.

Mgeni akaitazama mikono ya Namkunda. Ilikuwa safi.

"Mama, leo umeshika brashi?"

"Sijashika, baba. Mimi nilichora mlima. Hilo tope ni la mfalme mwenyewe."

Mgeni akaomba kitambaa, akajifuta polepole, watu wote wakimtazama.

"Basi mama, usiweke jina lako pale chini," akasema. "Liandikwe la mfalme."

Funzo: Kazi usiyoijua usiiguse, na ukishaiharibu, usimtwishe mwenye kazi aibu yako.