Mkate Usiopimwa

Hapo zamani, kabla watu hawajafundishwa namna ya kununua mkate, mji wa Pambaje ulikula ukashiba. Kisha Sultani Mwidani akapata waziri mpya, Shangama, msomi wa kupindukia, naye akamwambia, "Bwana wangu, mwenye akili hachagui kitu mpaka apime vyote vilivyopo, ndipo atwae chenye faida kuliko vyote."

Sultani akapendezwa mno, mbiu ikapigwa: atakayechagua bila kupima vyote ni mpumbavu, na mpumbavu atafukuzwa mjini. Basi ikawa sokoni watu wanapima tu. Mama aliyetaka mchicha alizunguka vibanda vyote, na alipomaliza mchicha ulikuwa umenyauka. Uzuzu mtupu, lakini nani angethubutu kusema?

Vuai hakusema, alikula. Alikuwa fukara mwenye mke mjamzito na njaa ya tangu jana, akanunua mkate wa mofa wa kwanza aliouona, akaumega. Askari wakamkamata na mkate wake mkononi, wakamfikisha barazani, mkate ukawekwa mezani uwe ushahidi.

"Umefukuzwa," akasema Sultani. "Mji una milango mitatu. Chagua utakaotokea."

Moyo ukampasuka Vuai kwa kumfikiria mkewe, lakini akainama. "Nasikia na kutii, ewe mwenye enzi. Naomba mizani."

"Ya nini?"

"Amri yasema nipime kwanza. Basi iletwe hiyo milango."

Waziri akafoka, lakini Sultani aliona haya kuivunja amri yake mwenyewe. Mafundi wakaitwa, ikawa nyundo na jasho mpaka adhuhuri, na mlango wa kwanza haujang'oka. Sultani akashikwa na njaa, akaagiza chakula. Mpishi akaja mikono mitupu.

"Bwana wangu, kuku wa mtaa wa juu nimeshawapima. Bado wa mtaa wa chini."

"Tangu lini unapima?"

"Tangu alfajiri, bwana wangu."

Sultani akageuka huku na huku, akauona mkate wa Vuai pale mezani, akaunyakua, akautia kinywani.

"Bwana wangu," akasema Vuai taratibu, "umeupima na mingine?"

Sultani akatafuna kwanza. "Njaa imeniuma, nao ulikuwa karibu."

"Basi nami nilipima hivyo hivyo. Kuuzunguka mji nikitafuta mkate bora kungeniumiza tumbo zaidi ya faida ya huo ubora."

Sultani akacheka hata makombo yakamrukia ndevuni. Amri ikafutwa pale pale, mafundi wakatua nyundo, na Vuai akaambiwa achague zawadi yoyote iliyomo katika milki.

"Hazina ni kubwa," Waziri akamwonya, "pima vizuri."

Vuai akatupa jicho mlangoni. "Nachagua kilicho karibu," akasema, akampanda punda mweupe wa Waziri aliyefungwa pale, akaenda zake kwa mkewe. Shangama alirudi kwake kwa miguu, na njia akashika ya kwanza aliyoiona, maana jua lilikuwa kali.