Mbegu za Kisiwani na Unga wa Fisi

Zamani, wanyama walipokuwa wakisema na hata kusema uongo, tufani ilipiga kisiwa cha akina Sungura ikang'oa kila kilichopandwa. Kilichosalia ni shimo moja la mbegu za viazi vikuu, na mlinzi wake alikuwa Sungura. Njaa ilimkaba kama wenzake, lakini alijua mbegu zikiliwa, kisiwa kimekwisha.

Simba, mfalme wa bara, akasikia. Akatoa magunia ya unga, akamkabidhi Fisi ayavushe. Ndiyo, Fisi. Simba hakuwa na desturi ya kuomba ushauri.

Fisi akafika, tumbo limemtangulia.

"Poleni, ndugu zangu. Chakula hiki hapa. Ila nipeni hizo mbegu niwatunzie bara. Za nini tena, na mtakuwa mkiletewa?"

"Mpe, Sungura!" Kima akalia. "Watoto wanalala njaa!"

Sungura akayatazama magunia. Sisimizi walipita kando, hakuna hata mmoja aliyeyapanda kutafuta unga. Roho ikamuuma, maana wenzake walikwisha kushika vibakuli.

"Nitampa," akasema, "baada ya karamu ya shukrani. Na mfalme mwenyewe aje, asifiwe mbele ya watu."

Fisi akataka kupinga, lakini Kunguru alikwisha kuruka kwenda bara na habari hiyo. Simba akaja upesi, manyoya yamechanwa, na hotuba anayo. Ilikuwa hotuba ndefu.

Ilipokwisha, Sungura akamwekea mfalme bakuli la uji. Aliupika mwenyewe kwa unga wa Fisi.

"Mtukufu, kwetu aliyeleta chakula hula kwanza, wenyeji wakimtazama. Ndiyo heshima yetu."

"Mila gani hiyo?" Fisi akang'aka. "Mbona sikuambiwa?"

"Hukuuliza, bwana."

Simba hajawahi kukataa heshima. Akabugia. Meno yakasaga mchanga. Akatafuna, akameza, kwa kuwa mfalme hatemi mbele ya watu. Kisha akauliza kwa upole, "Fisi, unga wangu uko wapi?"

Fisi akatimka, lakini kwa tumbo lile hakufika mbali.

"Nitaleta unga mwingine," Simba akasema, aibu imemjaa.

"Tutaupokea, mfalme," Sungura akajibu, "tena kwa mikono miwili. Lakini leo tuazime hayo mabega. Miti imelalia mashamba yetu."

Basi Simba akavuta magogo, Fisi akachimba huku analia, na Sungura akafungua shimo, akapanda mbegu zake moja moja. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.